Kuhasi Watoto wa Paka Mapema: Umri, Usalama na Uzazi

Kuhasi paka mapema ni kumfanyia upasuaji wa kumzuia asizae kabla hajabalehe. Kwa dume, daktari huondoa korodani zote mbili. Kwa jike, huondoa ovari peke yake, au ovari pamoja na mfuko wa uzazi. Katika kliniki nyingi upasuaji huu hufanywa paka akiwa na miezi sita au zaidi. Unapofanywa kati ya wiki ya sita na ya kumi na sita huhesabiwa kuwa wa mapema, na baadhi ya madaktari huuita hivyo hata ukifanywa mwezi wa tano. Tofauti ya miezi michache yaweza kuonekana haina uzito. Kwa paka, miezi hiyo ndiyo inayoamua kama jike atafika kwa daktari kabla ya mimba yake ya kwanza au baada yake.

Mjadala juu ya jambo hili una maswali manne. Je, kuna sababu ya kutosubiri? Je, mwili mdogo unaweza kustahimili nusukaputi na kisu? Je, paka aliyehasiwa mapema hudhurika anapokua? Na je, upasuaji wa mapema hupunguza kweli idadi ya paka wasio na makao? Utafiti wa miongo kadhaa umeyajibu sehemu kubwa ya maswali haya. Majibu yake yanaonyesha kwamba miezi sita ni mazoea ya kliniki zaidi kuliko mpaka uliowekwa na maumbile ya paka.

Balehe na mimba ya kwanza

Majike wengi huingia kwenye joto kwa mara ya kwanza wakiwa na umri wa kati ya miezi mitano na tisa. Wapo wanaoanza mwezi wa nne, hasa walioshiba vizuri na wanaoishi karibu na madume. Mimba ya paka huchukua siku 63 hadi 65 hivi. Jike aliyepandwa akiwa na miezi minne anaweza basi kuzaa mara tu baada ya kutimiza miezi sita, umri uleule ambao mwenye paka huambiwa amlete kuhasiwa. Mama huyo bado anakua. Chakula kinachopaswa kujenga mifupa yake mwenyewe sasa hugawanywa kwa watoto walio tumboni, kisha kwa wanaonyonya.

Maumbile ya paka yanaharakisha uzazi kwa njia tatu. Kwanza, yai la paka hutoka kwa kuchochewa na tendo la kupandwa lenyewe, kwa hiyo jike aliye kwenye joto akikutana na dume ni nadra akose mimba. Pili, jike asiyepandwa hurudi kwenye joto kila baada ya wiki mbili au tatu, tena na tena. Tatu, anaweza kushika mimba mpya wiki chache tu baada ya kuzaa, akiwa bado ananyonyesha. Jike mmoja anaweza kuzaa mara mbili au tatu kwa mwaka, na kila uzazi huwa na wastani wa watoto wanne.

Afrika Mashariki ina jambo la nne. Joto la paka huongozwa na urefu wa mchana: mchana ukirefuka, ovari huamka, ukifupika, hulala. Ulaya na Amerika Kaskazini majike wengi hupumzika kuanzia Oktoba hadi Januari, na watoto wengi huzaliwa majira ya machipuko na kiangazi. Karibu na ikweta pumziko hilo halipo. Lamu iko nyuzi mbili hivi kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku yake ndefu na fupi kuliko zote haifiki dakika ishirini. Hata Dar es Salaam tofauti hiyo haifiki saa moja. Paka wa Pwani huzaa mwaka mzima. Ushauri wa kusubiri uliotungwa katika nchi zenye majira ya baridi hutegemea kwamba paka aliyezaliwa mwishoni mwa kiangazi hatapata joto hadi mwaka unaofuata. Mombasa, Unguja na Tanga hazina majira ya baridi ya kumchelewesha.

Miezi sita ilikotoka

Kiwango cha miezi sita kilienea katika karne ya 20, wakati kufuga paka na mbwa ndani ya nyumba kulipozoeleka katika nchi tajiri na kliniki za wanyama wadogo zilipoongezeka. Dawa za nusukaputi za siku zile zilikuwa kali na ngumu kupima kwa mnyama mwenye uzito wa kilo moja. Chanjo nazo zilikamilika baada ya miezi mitatu au minne, na daktari alipenda kumpasua mnyama aliyekwisha kuvuka hatari za uchanga. Hizo zilikuwa sababu za busara kwa wakati wake. Hata hivyo hakuna utafiti uliokuwa umelinganisha umri tofauti na kuonyesha kwamba miezi sita ndiyo bora.

Msukumo wa kulihoji zoea hilo ulitoka kwenye makao ya wanyama waliotelekezwa nchini Marekani. Makao hayo yalikuwa yakiwapa watu paka wachanga kwa ahadi kwamba watawaleta wahasiwe wakikua, na wengi hawakuwaleta. Baada ya miezi, watoto waliozaliwa na paka hao waliletwa makaoni. Mwaka 1987 daktari Leo Lieberman alichapisha katika jarida la Chama cha Madaktari wa Wanyama cha Marekani hoja ya kuwahasi wanyama hao wakiwa na umri wa miezi miwili, kabla hawajakabidhiwa kwa yeyote. Mwaka 1993 chama hicho kiliunga mkono upasuaji wa mapema kama njia ya kupunguza wanyama wasio na makao. Mwaka 2016 jopo la wataalamu nchini humo lilipendekeza kwamba paka wote wasiokusudiwa kuzalishwa wahasiwe kabla ya kutimiza miezi mitano, na mwaka uliofuata chama hicho kiliidhinisha pendekezo hilo.

Mwili mdogo mezani

Hofu kubwa ya wenye paka, na ya madaktari wasiozoea, ni kwamba mnyama mdogo atafia mezani. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu paka wa wiki kumi ana mahitaji yake ambayo si yale ya paka mkubwa yaliyopunguzwa kulingana na kilo.

La kwanza ni sukari. Ini la paka mchanga huhifadhi akiba ndogo ya glikojeni, na misuli yake ni michache. Paka mkubwa hunyimwa chakula usiku kucha kabla ya upasuaji ili asitapike. Mdogo akifanyiwa hivyo, sukari ya damu hushuka, hulegea, hutetemeka, na anaweza kupoteza fahamu au kufa. Kwa hiyo mtoto wa paka hafungishwi zaidi ya saa nne, na hanyimwi maji. Akizinduka na kuweza kumeza, hupewa chakula kidogo mara moja. Asiyechangamka hupakwa sukari ya maji kwenye fizi.

La pili ni joto la mwili. Mnyama mdogo ana ngozi nyingi kwa kila gramu ya uzito, mafuta kidogo chini ya ngozi, na uwezo mdogo wa kutetemeka akiwa amelala kwa dawa. Joto lake hushuka upesi hata katika chumba cha Mombasa, kwa kuwa meza ya chuma hunyonya joto na spiriti huligeuza tumbo kuwa baridi. Kumkinga na baridi ni kazi ya mikono. Meza hutandikwa kitambaa, chupa za maji moto zilizofungwa kwa taulo huwekwa ubavuni, manyoya hunyolewa eneo dogo tu, ngozi hailowekwi kupita kiasi, na ndugu wa uzao mmoja hulazwa pamoja wanapozinduka ili wapashane joto. Kuwaweka pamoja huwapunguzia pia woga.

La tatu ni damu. Paka ana takriban mililita 60 za damu kwa kila kilo. Kwa mwenye kilo moja, kijiko kimoja cha chai cha damu iliyomwagika ni karibu sehemu moja ya kumi na mbili ya damu yake yote. Mshipa usiofungwa vizuri, ambao kwa mnyama mkubwa ungekuwa tatizo la kurekebishwa, kwake ni hatari ya kifo. La nne ni dawa. Ini na figo zinazokua huvunja na kuondoa dawa polepole, kwa hiyo kila mmoja hupimwa kwa mizani inayosoma gramu na dozi yake kukokotolewa peke yake. Kukisia uzito kwa macho hakuruhusiwi. Mchanganyiko unaotumika sana una ketamini, dawa ya kutuliza kama medetomidini, na dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni. Faida ya medetomidini ni kwamba ina dawa ya kuibatilisha, hivyo mnyama huzinduka ndani ya dakika chache badala ya kulala kwa saa nyingi huku akipoa.

Masharti hayo yakitimizwa, upasuaji wenyewe ni mwepesi kuliko ule wa mnyama mkubwa. Tumbo la jike mdogo halina mafuta ya kuficha mishipa, na mishipa yenyewe ni myembamba. Ovari na pembe za mfuko wa uzazi huonekana wazi kupitia tundu la sentimita moja au mbili. Damu hutoka kidogo na muda wa kulala mezani hupungua. Dume humalizwa kwa dakika chache, na jeraha lake dogo kwa kawaida halishonwi. Daktari anahitaji kujua mambo mawili: tishu za mnyama huyu ni laini na hukatika zikivutwa kwa nguvu, na maji mepesi yanayoonekana tumboni kwake ni ya kawaida, si dalili ya ugonjwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 nchini Marekani ulifuatilia paka na mbwa 1,988 waliohasiwa katika makao ya wanyama, wakigawanywa katika makundi matatu kwa umri. Waliokuwa chini ya wiki kumi na mbili hawakupata matatizo mengi kuliko wakubwa. Matatizo madogo baada ya upasuaji yalikuwa machache zaidi kwao kuliko kwa waliofikia wiki ishirini na nne na kuendelea. Kila anayewahasi watoto wa paka kwa wingi hushuhudia jambo hilohilo: wakishazinduka, hula na kucheza ndani ya saa chache, wakati paka mkubwa hujikunyata kwa siku nzima au mbili.

Afya ya miaka inayofuata

Swali la madhara ya baadaye limechunguzwa kwa kina, kwa kuwa homoni za uzazi zina kazi nyingine mwilini zaidi ya kuzaa.

Mifupa ndiyo iliyoanza kutiliwa shaka. Watu wengi huamini kwamba paka aliyehasiwa mdogo hudumaa. Ukweli ni kinyume. Gegedu la ukuaji lililo karibu na ncha za mifupa mirefu hufunga kwa amri ya homoni za uzazi, na homoni hizo zisipokuwepo huchelewa kufunga, kwa hiyo mifupa hurefuka kidogo zaidi. Jambo hili hutokea kwa aliyehasiwa akiwa na wiki saba na kwa aliyehasiwa akiwa na miezi saba pia, kama utafiti wa Chuo Kikuu cha Florida wa mwaka 1996 ulivyoonyesha. Kuna kasoro moja ya kuangaliwa: madume waliohasiwa, hasa wanene, hupata zaidi mpasuko wa gegedu kwenye kichwa cha mfupa wa paja. Tatizo hilo ni nadra, na uzito wa mwili huchangia sana.

Njia ya mkojo ndiyo iliyowatia madaktari wasiwasi mkubwa, maana dume aliyezibwa mkojo hufa ndani ya siku chache asipotibiwa. Ilidhaniwa kwamba mrija wa mkojo usiopata testosteroni hubaki mwembamba na kuzibika upesi. Vipimo vya upana wa mrija havikuonyesha tofauti, na ufuatiliaji wa paka walioasiliwa haukukuta ongezeko la kuziba mkojo kwa waliohasiwa mapema. Kilichobainika ni kwamba uume wa dume aliyehasiwa akiwa na wiki chache hauwezi kutoka wote nje ya ngozi yake. Jambo hilo linaweza kumpa daktari kazi zaidi siku akihitaji kupitisha mpira wa mkojo, lakini halijaonekana kuleta ugonjwa.

Unene ni tatizo la kweli, ila hausababishwi na umri wa kuhasiwa. Ovari au korodani zikiondolewa, hamu ya kula hupanda na mahitaji ya nguvu mwilini hushuka kwa karibu robo. Hali hiyo huwapata waliohasiwa wakiwa na miezi miwili na waliohasiwa wakiwa na mwaka. Dawa yake ni sahani: chakula kipimwe, na mabaki ya wali na samaki yasiachwe mbele ya paka siku nzima.

Kuhusu tabia, uchunguzi mkubwa wa Chuo Kikuu cha Cornell uliochapishwa mwaka 2004 ulifuatilia paka 1,660 waliotoka makaoni. Madume waliohasiwa kabla ya miezi mitano na nusu walipata majipu machache, walipunguza kunyunyiza mkojo ndani ya nyumba, na hawakuwa wakali sana mbele ya daktari. Jinsia zote mbili zilipata pumu na ugonjwa wa fizi kwa uchache zaidi. Upande mwingine, waliohasiwa mapema walionekana kuwa na haya zaidi mbele ya wageni, na madume walijificha mara nyingi zaidi. Miaka kumi baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, waliwagawa kwa kura watoto wa paka wapatao 800: baadhi wahasiwe wakiwa na wiki nane hadi kumi na mbili, wengine wakiwa na miezi sita hadi minane. Hawakukuta tofauti ya maana katika tabia zinazowaudhi wenye paka. Utafiti wa kugawa kwa kura una uzito zaidi kuliko wa kufuatilia tu, kwa sababu huzuia makundi kutofautiana tangu mwanzo.

Faida kubwa kuliko zote iko kwa majike. Uvimbe wa chuchu za paka ni saratani kwa zaidi ya asilimia 80 ya wagonjwa, na mara nyingi huua. Uchunguzi wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba jike aliyehasiwa kabla ya miezi sita hupunguza hatari ya saratani hiyo kwa asilimia 91, na aliyehasiwa kabla ya mwaka mmoja kwa asilimia 86. Akivuka miaka miwili, kinga hiyo haionekani tena. Matokeo haya yanaubatilisha ushauri wa mitaani kwamba jike aachwe azae mara moja kwanza kwa ajili ya afya yake. Kila mzunguko wa joto humsogeza mbali na kinga hiyo, na uzazi wa kwanza haumrudishii. Pamoja na hayo, aliyeondolewa ovari haugui usaha wa mfuko wa uzazi, ugonjwa unaoua majike wengi wenye umri mkubwa.

Matokeo ya mbwa hayafai kuhamishiwa kwa paka. Kwa mbwa wa aina kubwa, kuhasiwa mapema kumehusishwa na magonjwa ya viungo, na madaktari wao wana sababu ya kusubiri. Paka ni mwepesi, na mwili wake hautofautiani sana kutoka aina moja hadi nyingine. Mzigo unaoumiza magoti ya mbwa mkubwa haumhusu.

Idadi ya paka na maana yake

Kampeni za Marekani zilieneza kwa miaka mingi madai kwamba jike mmoja na uzao wake wanaweza kufikisha paka 420,000 kwa miaka saba. Hesabu hiyo hudhani kila mtoto anaishi, anazaa na wanawe wote wanaishi. Mambo si hivyo. Watafiti waliofuatilia watoto 169 wa paka wa mitaani huko North Carolina walikuta kwamba asilimia 75 walikufa au walitoweka kabla ya kutimiza miezi sita, na majeraha, kama ya magari na mbwa, ndiyo yaliyokuwa chanzo kikuu cha vifo vilivyojulikana. Hoja ya kuhasi haidhoofiki kwa takwimu hiyo. Hubadilika na kuwa nzito zaidi. Uzazi usiozuiwa haujazi mji mamia ya maelfu ya paka. Huleta duniani watoto wa paka ambao wengi wao hufa wakiwa wachanga.

Ili idadi ya kundi la mtaani ipungue, mifano ya kihesabu inataka zaidi ya asilimia 70 ya paka wake wawe wamehasiwa, na kazi iendelee bila kukatizwa. Wakihasiwa nusu, waliobaki huzaa na watoto wao hupata nafasi ya kuishi kwa kuwa chakula kimeongezeka. Umri huingia hapa kwa nguvu. Programu ya kukamata paka, kuwahasi na kuwarudisha walipotoka hupata nafasi moja tu kwa kila paka. Aliyekwisha kuingia mtegoni na kuachiliwa kwa sababu ana miezi mitatu tu ni vigumu kumnasa tena, na akirudi mtegoni huenda tayari ana mimba. Anayehasiwa siku hiyohiyo hukatwa ncha ya sikio moja akiwa usingizini ili asikamatwe tena bure, na hupewa chanjo ya kichaa cha mbwa kwa safari hiyohiyo.

Lamu ni mahali ambapo suala hili huonekana kwa macho. Vichochoro vya mji huo wa kale havina magari, samaki hushushwa pwani kila siku, na paka huishi bega kwa bega na watu gatini, sokoni na barazani. Kliniki ya ustawi wa wanyama ya kisiwani humo, Lamu Animal Welfare Clinic, imekuwa ikiwatibu na kuwahasi paka hao kwa miaka mingi. Nairobi kazi kama hiyo hufanywa na chama cha kutetea wanyama cha KSPCA. Pembezoni mwa misitu na mbuga kuna sababu nyingine ya kuzuia uzazi holela: paka mwitu wa Afrika, ambaye ni wa jamii iliyowazaa paka wa nyumbani, huchanganyika nao, na damu yake safi hupungua kila anapopandana na paka shume aliyetangatanga kutoka kijijini.

Desturi na dini

Kuhasi mnyama si jambo geni Afrika Mashariki. Wafugaji wana maksai, na wanajua kwamba ndama huhasiwa akiwa mdogo kwa sababu kidonda huwa kidogo na hupona upesi. Paka hajaingizwa katika utaratibu huo kwa sababu hana nyama wala nguvu ya kukokota jembe, na hivyo hakuna faida ya mali inayomsukuma mtu kumgharimia.

Kwa Waislamu wa Pwani kuna pia swali la sheria ya dini, nalo linastahili kuchukuliwa kwa uzito. Wengi wao ni wafuasi wa madhehebu ya Shafi. Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu hayo katika karne ya 13, aliandika kwamba mnyama anayeliwa anaweza kuhasiwa akiwa mdogo, na kwamba asiyeliwa hahasiwi. Wanazuoni wa Hanafi waliruhusu palipo na manufaa. Katika zama hizi, Sheikh Muhammad ibn Uthaymin wa Saudi Arabia alitoa fatwa kwamba paka wakizidi na kuleta madhara, na upasuaji usipowaumiza, inaruhusiwa kuwahasi, na ni heri kuliko kuwaua. Uamuzi wa kifikihi ni wa wanazuoni wenyewe. Elimu ya tiba inaweza kuwasaidia katika sehemu moja, ile ya madhara: paka mdogo aliyelazwa kwa dawa huumia kidogo na hupona haraka kuliko mkubwa.

Elimu hiyohiyo inakataza waziwazi kuhasi bila nusukaputi. Kumbana paka kichwa chini ndani ya gunia au buti la mvua na kumkata akiwa macho ni ukatili, na kidonda chake huoza mara nyingi. Sindano za homoni za kupanga uzazi, zikiwamo zile za wanawake, nazo si mbadala salama. Zikitumiwa kwa paka mara kwa mara huleta uvimbe wa chuchu, usaha wa mfuko wa uzazi na kisukari. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya sindano moja ya jeni iliyozuia mayai ya majike wachache kutoka kwa muda wa miaka miwili. Jaribio hilo linatia moyo, lakini bado halijawa dawa ya kununuliwa.

Nani ahasiwe lini

Wapo ambao hawafai kuhasiwa mapema. Mwenye mafua, kuhara, minyoo mingi au upungufu wa damu hutibiwa kwanza. Mwenye uzito chini ya kilo moja husubiri afike hapo, jambo ambalo kwa aliyelishwa vizuri hutokea karibu na wiki ya nane au ya kumi. Dume ambaye korodani moja haijaonekana anaweza kungojewa, maana kwa baadhi yao hushuka baadaye kidogo. Na kliniki isiyo na mizani ya gramu, kitu cha kupasha joto na mtu wa kumkalia mnyama hadi azinduke haifai kuanza kazi hii hadi ipate vitu hivyo. Kosa la upasuaji wa mapema mara nyingi ni kosa la maandalizi.

Kwa waliobaki, hali ya paka ndiyo inayopanga tarehe. Wanaoishi katika makao ya wanyama wahasiwe kabla ya kukabidhiwa, kuanzia wiki ya nane, kwa sababu ahadi ya kuwarudisha haina mtu wa kuisimamia. Wa mitaani wahasiwe siku waliyokamatwa ikiwa ni wazima na uzito unatosha. Wa nyumbani, walio na mtu wa kuwalinda, wanaweza kumaliza chanjo zao za uchanga kwanza na kuhasiwa karibu na mwezi wa nne. Katika hali zote tatu, kipimo cha mwisho ni joto la kwanza la jike. Daktari akimpata kabla ya hapo amewahi. Akimpata baadaye, mara nyingi huwa anahesabu pia watoto walio tumboni.